Barua kwa Deus kuhusu mashine yake ya mawe

Mabatini, Mwanza
12 Oktoba 2025

Ndugu yangu Deus,

Mwangaluka! Najua utaniitikia kwa Kihaya kwa makusudi, basi itikia. Huku wazima. Mama Neema anakusalimu, na Neema ameng'oka meno mawili ya mbele, hataki kupigwa picha na mtu yeyote.

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya ile mashine ndogo ya mkononi ya kuzungusha diski pia. Kumbe umeshainunua! Nilipofika pale ulipoandika kwamba inazunguka mara 35,000 kwa dakika, kwa hiyo jiwe halitafua dafu, nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia. Kaka, jiwe litafua. Hilo bamba la kaunta ulilopewa, unalotaka kulikata liwe meza, lina unene wa milimita 20, sivyo? Diski ya mashine kama hiyo, ukipata ile kubwa, ina upana wa milimita 38. Nusu yake ni 19. Toa kichwa cha skrubu na mdomo wa mashine, unabakiwa na kama 12 za kuzama ndani ya jiwe. Hata ukikata huku na huku, mstari ulionyooka wa mita nzima kwa mkono mtupu hutaupata, na mashine itakuwa imeungua kabla ya robo ya safari. Mpelekee fundi mwenye grainda, mlipe, akukatie hiyo meza yako. Hiyo ndogo iachie kazi zake: pembe, mifereji, matundu, na vitu vinavyoenea kiganjani.

Mimi yangu niliinunua kwa sababu ya mjomba. Unamkumbuka, siku hizi anashinda kwenye kijiwe cha drafti karibu na Mwaloni, Kirumba. Wanacheza kwa vizibo vya soda kama kila mahali, na kizibo kikiingia kingi kinapandishiwa kizibo kingine juu. Sasa vidole vya mjomba, baada ya kuvuta nyavu maisha yake yote, havikunji. Kila akipandisha kingi anaangusha vitatu vya jirani, ugomvi unaanza, huyu anasema changu kilikuwa hapa, yule anasema kilikuwa kule. Nikasema nitamchongea kete za mawe, 12 nyeusi na 12 nyeupe, nzito, upande mmoja laini na upande wa pili una mfereji wa duara. Ikiingia kingi unaigeuza tu. Vijiwe vya kijiwe.

Siku ya kwanza niliharibu kila kitu. Nilichukua kipande cha jabali la nyuma ya nyumba, maana Mwanza mawe hatununui, nikakaa barazani, nikawasha mashine hadi mwisho wa kasi, nikakandamiza. Bila maji. Baada ya dakika kumi jiwe lilikuwa na mkwaruzo, diski imebaki chuma kitupu, na nguo za jirani zilizokuwa kwenye kamba zimekuwa kama za mtu wa mashine ya unga. Usiku nikakohoa mpaka Mama Neema akaamka akaniuliza nimelamba saruji?

Ndipo nikajifunza jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Granaiti, ile ya kweli kama haya majabali yetu, ina kwatzi, zile punje zinazong'aa kama chupa iliyovunjika, kuanzia asilimia 20 kwenda juu. Vumbi la kwatzi likiwa laini kiasi cha kutoonekana linafika ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Linaacha makovu, ndiyo ugonjwa unaoitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, na mwenye nao anashikwa na kifua kikuu kirahisi. Kitambaa puani ni kujidanganya. Barakoa ya N95 inasaidia, lakini kinga yenyewe ni maji: jiwe likatwe likiwa limelowa muda wote, vumbi lisipate nafasi ya kuruka. Na kama huyo fundi wako atakupa mabaki ya yale mawe ya kutengenezwa kiwandani, ya rangi moja isiyo na doa, yakatae. Yale mengi kwatzi yake hufika asilimia 90 na zaidi. Australia waliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi vijana walioharibika mapafu.

Kwa hiyo niliachana na jabali, nikaenda Nyakato kwa mafundi wa kaunta na makaburi, nikaokota mabaki ya vigae vya mawe ya asili, unene wa milimita 10. Nyeupe ni marumaru. Nyeusi wao wanaiita granaiti, ingawa wajuzi wa miamba wangesema mengi ya hayo meusi ni gabro, mwamba mwingine mweusi, au ndugu zake, na kwatzi yake ni kidogo sana. Mimi naiita nyeusi, basi.

Kabla hujakata chochote, lowesha kipande chako, kisha kiache kikauke huku unakitazama. Panapobaki mstari mweusi wakati kwingine kumeshakauka, hapo pana ufa. Usipoteze jioni yako juu yake.

Sasa mpangilio wangu, ucheke ukitaka. Karai la plastiki, ndani yake kipande cha ubao, juu ya ubao jiwe. Juu ya karai, kwenye msumari, nimening'iniza chupa ya maji yenye mpira wa dripu nilioununua duka la dawa. Ule ulio na kigurudumu cha kupunguza matone, Deus, hakuna kitu kizuri kama kile. Unaweka tone moja kila sekunde linadondoka pale diski inapogusa jiwe. Mashine yenyewe haikai karibu na maji. Inaning'inia kwenye msumari wake kule juu, na ninachoshika ni mkono wa ule waya mrefu unaozunguka ndani ya mpira. Kama yako haikuja nao, ununue kabla ya diski ya pili. Nilijaribu siku moja kushika mashine mikononi, maji yakafuata vidole yakaingia kwenye matundu ya hewa, nikapigwa shoti ndogo iliyonikumbusha dhambi zangu zote. Waya wa umeme pia uache ulegee chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yakiufuata yadondoke sakafuni.

Kuchora: kalamu ya wino itafutika na maji. Mimi nachora kwa kipande cha alumini kilichotoka kwenye fremu ya dirisha bovu. Juu ya jiwe jeusi kinaacha mstari wa fedha ambao maji hayauondoi.

Halafu unakata, ila neno kukata ndilo lililotudanganya wote. Ile diski haina meno. Ina punje za almasi zilizobandikwa pembeni, nyingi ni almasi za kiwandani, siyo za Mwadui, na kazi yake ni kulisaga jiwe kuwa unga. Wewe unashikilia tu. Diski hizi nyembamba za bei ndogo zina safu moja ya almasi, ikibanduka kwa joto au kwa kukandamizwa imekwisha, huinoi. Nenda kasi ya katikati, pitisha nyepesi kama unayepaka siagi, kila mara inazama chini ya milimita moja. Sikiliza: ikiwa inaimba sauti moja, sawa. Ikianza kulia kwa uchungu, umekandamiza. Maji yatatoka meupe kama maziwa, au kijivu kama uji wa ulezi kwa nyeusi. Ukifika nusu ya unene geuza, anza upande wa pili, kikibaki kidogo unavunja kwa mkono na kusawazisha.

Tofauti ya mawe utaihisi mwenyewe. Marumaru ni laini, ugumu wake 3 kwenye kile kipimo cha 1 hadi 10 ambacho almasi ndiyo 10. Kete zote 12 nyeupe nilizimaliza kwa diski moja. Nyeusi zilikula tano. Kwatzi ni 7, ndiyo maana jabali la nyuma ya nyumba lilinidhalilisha.

Nilikata miraba ya milimita 30, nikatoa pembe nne, ikawa pembe nane. Nilikusudia niendelee kusaga mpaka iwe duara kamili, na fundi mmoja akanionyesha kikombe cha almasi cha kutobolea vigae ambacho kinatoa duara safi kwa dakika chache. Nikampelekea mjomba moja ya kila namna ajaribu. Ya duara ilimteleza. Ya pembe nane aliishika kwa kidole gumba na cha kati, akaigeuza, akaiweka, akaigeuza tena. Hakusema kitu, lakini ya duara alinirudishia.

Mfereji wa kingi ndio ulionipa raha kuliko yote. Unatumia kichwa cha almasi cha mviringo, kadiri ya punje ya mtama. Ukikiweka wima moja kwa moja kinakimbia, kinakuchora jiwe zima. Kilaze kwanza, kitengeneze kashimo, ndipo ukisimamishe na kukitembeza. Mkono uegemee ubao.

Kung'arisha ni subira tu: msasa wa maji juu ya kioo bapa, namba 120, 220, 400, 800, 1200. Ukiruka namba, mikwaruzo ya ile uliyoiruka itakuja kukuonyesha meno mwishoni, jiwe likiwa tayari linang'aa. Ule uji wa mawe usiumwage kwenye sinki, unatulia kwenye bomba kama zege. Acha utuame kwenye ndoo, maji mwaga nje, tope lifunge kwenye mfuko likiwa bado bichi. Na meza ifute kwa kitambaa chenye maji, usifagie, maana tope likikauka ni vumbi lile lile.

Kete moja ilinichukua kama dakika 45, pamoja na kuipumzisha mashine. Ya mwisho kabisa, nyeupe, chupa ya dripu iliisha bila mimi kujua kwa sababu nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Nikasikia tak! Imegawanyika mara mbili. Unakumbuka tulipokuwa wadogo wapasua kokoto walivyokuwa wakiwasha moto juu ya jabali huku mlimani, tunakaa mbali tukingoja lile pande lilie na kubanduka? Ngozi ya jiwe inapanuka kwa joto na ndani bado baridi. Sauti ilikuwa ile ile, ila ndogo.

Kwa hiyo mjomba ana kete 23 za mawe na kizibo kimoja cha soda. Nimemwambia nitamkatia nyingine, anasema mpinzani wake ndiye mwenye nyeupe, ahangaike nacho.

Nimefunga bahasha ndani ya mzigo wa meli ya Ijumaa: diski mbili zilizokufa na moja nzima. Pitisha ukucha pembeni mwa kila moja, utajua ya kutupa inavyokuwa. Vipande vinne vya marumaru vimo pia, anza navyo. Picha ya meza nitumie fundi akishaikata, na msimu wa senene ukiingia usinifanye nikukumbushe. Waliokaangwa vikavu, Deus, siyo wale wa kuogelea kwenye mafuta.

Wako,
Mabula