Karatasi za hisabati zisigeuke mtihani wa kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ambayo naamini wazazi wengi wanaijua, ingawa ni wachache wanaothubutu kuisema mbele ya walimu, kwa kuchelea kuonekana kwamba wanakwepa kuwasimamia watoto wao. Kero yenyewe ni karatasi za mazoezi ya hisabati ambazo shule siku hizi huzituma kwa wazazi kama mafaili ya kompyuta, kwa imani kwamba kila nyumba ina mashine ya aina moja yenye programu zilezile alizozitumia mwalimu kuziandaa.

Imani hiyo haikuwahi kuwa kweli, na sasa ndiyo imezidi kupotoka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10, ambayo ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima kabisa hazikubali Windows 11 kwa kuwa hazitimizi masharti yake, likiwemo lile la kuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwenye kompyuta ya namna hiyo, asiye na uwezo au nia ya kununua nyingine, hujikuta ameweka mfumo endeshi usiolipiwa kama Ubuntu, ambao ni wa jamii ya Linux. Mzazi mwingine anatumia Mac, kompyuta ya kampuni ya Apple, aliyopewa kazini, na mwingine hana kompyuta ila simu. Wote hao wana watoto katika darasa moja, na wote wanatumiwa faili moja.

Faili lenyewe likifunguliwa, mambo huwa hivi. Mwalimu anapoandika hesabu za kujumlisha kwa wima, mara nyingi hupanga tarakimu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka mamoja yakae chini ya mamoja na makumi chini ya makumi, na kwenye skrini yake kila kitu kinapendeza. Faili linapofika kwenye kompyuta isiyo na fonti, yaani mtindo wa herufi, aliyoitumia, kompyuta hiyo huweka fonti nyingine badala yake bila kumuuliza mtu, na kwa kuwa upana wa nafasi hutofautiana kati ya fonti na fonti, safu zinateleza. Swali lililokuwa 345 kujumlisha 78 linamfikia mtoto huku 7 imekaa chini ya 3, na 8 chini ya 4. Mtoto mtiifu anayehesabu kile anachokiona atapata 1,125 badala ya 423, na mwalimu ataandika kwa wino mwekundu kwamba hajaelewa thamani ya nafasi, ilhali huyo ndiye aliyeielewa sawasawa.

Vipeo navyo vina yao. Mzazi asiyeweza kulifungua faili humwomba mwenzake ayanakili maswali na kuyatuma kama ujumbe wa kawaida, na hapo 10 kwa kipeo cha 2 hushuka na kuwa 102, kwa sababu tarakimu ndogo ya juu ilikuwa pambo la programu ya kuandikia na wala haikusafiri na maandishi. Kwenye programu za majedwali, mtoto akiandika robo tatu kama 3/4, mashine huidhania kuwa tarehe na kumrudishia 3 Aprili au 4 Machi, kutegemea mipangilio ya nchi iliyowekwa. Na kwa kuwa karatasi nyingi hurithiwa mwaka hadi mwaka, bado tunapokea milinganyo iliyoandikwa kwa zana ya zamani ambayo Microsoft yenyewe iliiondoa Januari 2018 kwa sababu za usalama. Milinganyo hiyo huonekana, lakini ukitaka kurekebisha hata herufi moja iliyokosewa huwezi.

Upande wa pili wa kero hii ni mzazi mwenyewe akiwa mbele ya mfumo asiouzoea. Aliyezoea Windows akikalia Mac anabonyeza Ctrl na C ili anakili, na hakuna linalotokea, kwa kuwa kazi hiyo huko inafanywa na kitufe cha Command. Anatafuta alama ya kufunga dirisha kulia, kumbe iko kushoto, na akishalifunga dirisha, programu bado inaendelea kufanya kazi chinichini. Aliyehamia Linux anasoma maelekezo ya shule yanayomwambia ahifadhi kazi kwenye diski C, na diski yenye jina hilo haipo. Nimeona zoezi la jiometri lililoanza kwa amri ya kufungua Paint, programu ya kuchorea ya Windows, na kuchora pembetatu, kana kwamba Paint ni sehemu ya somo kama rula na bikari. Dakika zilizotengwa kwa pembetatu zinaishia kwenye kutafuta programu, na mtoto anapanda kitandani akiwa amejifunza jambo moja tu, kwamba hisabati ni usumbufu.

Najua jibu ambalo baadhi ya wasomaji wako wanalo tayari: wazazi wajifunze. Sina ugomvi na rai hiyo, na mtu mzima anayejifunza mfumo mpya anafanya jambo jema. Ila ajifunze kwa wakati wake na kwa kazi yake, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya mazoezi, huku alama za mtoto zikiwa rehani.

Hata hivyo, si kila kosa ni la mashine. Zipo karatasi ambazo hata zikifika salama salimini humtoa mtoto jasho bila sababu, kwa kuwa zimejaa maswali na hazina hata mfano mmoja uliofanywa. Chukua swali la 10 − 4 + 3. Mtoto aliyekaririshwa MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, huona kwamba jumlisha imetangulia toa, hivyo anajumlisha 4 na 3 kwanza, kisha anatoa 7 kwenye 10 na kupata 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari mmoja wa mfano juu ya karatasi ungemaliza utata huo. Bila mstari huo, mzazi anayekumbuka kanuni nusu nusu anabishana na mtoto anayekumbuka nusu nyingine, na wote wawili wanategemea neno moja.

Ninachoomba si kikubwa. Walimu wahifadhi karatasi zao katika muundo wa PDF kabla ya kuzituma. Muundo huu ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, kisichomlazimu mtu kuwa na programu ya kampuni moja. Ubora wake kwa hisabati ni kwamba faili la PDF linaweza kubeba fonti zake ndani yake, kwa hiyo mamoja hubaki chini ya mamoja, liwe limefunguliwa kwenye Windows, Mac, Ubuntu au simu. Programu nyingi za kuandikia za sasa, ikiwemo LibreOffice isiyolipiwa, zina uwezo wa kuhifadhi hivyo bila kuongeza chochote.

Pia mtoto aruhusiwe kuandika majibu kwenye daftari lake la kawaida. Sijaona faida ya kumlazimisha mwanafunzi wa shule ya msingi achape alama ya kugawanya kwa kibodi, wakati kibodi nyingi hazina hata kitufe cha alama hiyo na njia ya kuipata hutofautiana kwa kila mfumo. Kalamu inaandika sehemu, kiasi juu na asili chini, kwa sekunde chache, na mwalimu anaona hatua zote alizopita mtoto, pamoja na ile aliyokosea.

Na kwa walimu wakuu, ningependekeza utaratibu mmoja: karatasi isiende kwa wazazi kabla ya mwalimu aliyeiandaa kujitumia mwenyewe na kuifungua kwenye simu yake. Safu zikiwa zimeteleza humo, aijue kasoro hiyo yeye kwanza kabla haijawa kosa la mwanafunzi.

Wako,
Mzazi wa mwanafunzi wa shule ya msingi