Barua kwa mwanangu: usisaini Jumamosi

Kibosho, Moshi
Aprili 2026

Mwanangu Neema,

Marahaba. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Ile picha ya karatasi ya bei ya gari, uliyopewa na muuzaji huko Marekani, niliipeleka stesheneri pale karibu na stendi wakanitolea kwa maandishi makubwa, maana kwenye simu sifuri zote zilikuwa zinanikimbia. Nimeisoma jana kutwa. Neno langu ni moja: usisaini Jumamosi.

Najua utasema Baba hajui mambo ya Marekani. Lakini nimekaa stoo ya kampuni ya utalii Arusha nikinunua magari na spea mpaka nastaafu, na muuzaji wa magari ni yule yule hata akivaa tai. Mama yako ameshatangaza jumuiya nzima kwamba Neema nesi ananunua gari jipya kabisa, si mtumba wa Japani kama sisi. Na mimi nimefurahi, sikufichi. Ila furaha isikufanye upigwe.

Gari lenyewe ni jipya, lakini limelala. Herufi ya kumi ya namba ya chesesi uliyotuma ni S, ndiyo toleo la 2025; la 2026 lina T. Huko matoleo mapya mengi huanza kuingia madukani kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo hilo lako limeshapitwa na wadogo zake. Na wauzaji wa huko kwa kawaida huchukua magari kwa mkopo wa benki. Kila siku linayokaa uani, riba inatembea. Yeye ndiye mwenye haja ya kuliondoa. Sasa mbona anayekimbizwa ni wewe?

Chukua karatasi yako tuisome pamoja. Bei ya kibandiko cha dirishani ni dola 31,400. Duka limekata 1,400, kiwanda kimekata 2,000, nawe ukaniandikia kwa shangwe kwamba umeshushiwa 3,400. Taratibu, mama. Zile 2,000 si za muuzaji, ni za kiwanda, na angezipata mteja yeyote anayetimiza masharti. Alichokata yeye ni 1,400, na hata hapo usimhurumie, kwa sababu gari likilala, mara nyingi kiwanda humpitishia muuzaji pesa nyingine mlango wa nyuma ambazo mteja haonyeshwi. Halafu teremka mstari wa tano: kifurushi cha kulinda rangi na viti, dola 900. Nani alikiomba? Amekupa 1,400 mkono wa kulia, akachukua 900 mkono wa kushoto, nawe ukasema asante. Mwambie akifute. Akisema kimeshapakwa, mwambie hukumtuma.

La mkopo ndilo limeninyima usingizi. Umesema kiwanda kinatoa pia mkopo usio na riba wa miezi 60, ila ukiuchukua unaziacha zile 2,000. Ukachagua 2,000 kwa kuwa ni hela inayoonekana. Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda ya parokia. Tuseme kile kifurushi kimefutwa, kodi na ada tumeziweka kando, nawe unatanguliza 3,000. Ukichukua punguzo, unabaki kukopa 25,000. Kwa riba ya asilimia 7 waliyokuandikia, miezi hiyo hiyo 60, utalipa kama 495 kwa mwezi, na mpaka mwisho umetoa karibu 29,700. Ukiacha punguzo, unakopa 27,000 bila riba, 450 kwa mwezi, basi. Tofauti ni dola 2,700, Neema! Sasa huo mkopo hawampi kila mtu, wanaangalia historia yako ya madeni, na wewe bado mgeni huko. Lakini ukataliwe kwa maandishi. Usijikatalie mwenyewe. Wakikataa, kaulize riba benki au chama cha akiba na mikopo cha hapo kazini kwenu kabla hujakubali ya dukani.

Na akianza habari ya "kwa mwezi unataka kulipa ngapi", usijibu. Ile miezi 72 aliyokuonyesha, kwa mkopo ule wa riba, inashusha malipo kutoka 495 hadi kama 426, ukaona nafuu. Jumla inapanda karibu dola elfu moja. Muulize jumla mpaka unakabidhiwa funguo, kodi na ada zote ndani, kila punguzo kwenye mstari wake. Kodi nayo iangalie, maana majimbo mengi hutoza kabla punguzo la kiwanda halijakatwa. La duka ndilo linaloshusha bei inayotozwa.

Kuna punguzo jingine ambalo baadhi ya viwanda huwapa waliomaliza chuo karibuni. Cheti chako tumekitia fremu sebuleni, kila mgeni lazima akione. Huko uliko umekionyesha? Miaka yote hiyo ya ada, halafu cheti kinaning'inia Kibosho tu.

Ulizia pia bei ya mwisho ya toleo la 2026. Siku ukiliuza, hili litaitwa gari la 2025 hata kama umeliendesha kidogo, kwa hiyo kama tofauti ni ndogo, hapo hujapunguziwa kitu. Tazama kilomita, au maili zao. Kama walilitumia kwa wateja kujaribia, uliza waranti ilianza kuhesabiwa lini. Matairi yana tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Betri ipimwe.

Anasema ofa inaisha Jumamosi. Ya kiwanda kweli huwa na tarehe, na mara nyingi ikiisha huja nyingine. Hata isipokuja, karatasi ukaisome nyumbani, umelala, umekula. Usisaini umetoka zamu ya usiku. Ya pikipiki ya kaka yako unayajua, siyarudii.

Hela ya gata imefika. Fundi amefunga upande wa jikoni tu, akasema misumari imekwisha, tangu hapo simu haipokei. Mama yako presha imeshuka, Jumanne ana kliniki KCMC; mpigie, ila usimwambie bei ya gari, atataka kujua ni ng'ombe wangapi. Kaka yako anaomba viatu, namba 43, usimtumie vyeupe. Na Desemba useme mapema kama unakuja, ndizi za mbege haziivi kwa siku moja.

Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama yako anataka kumwita Neema, nimekataa.

Ni mimi baba yako.