Mwelekeo Hushushwa Shimoni: Upimaji wa Handaki la Maji Taka

Handaki la maji taka likikosa njia, mara nyingi kosa halikuzaliwa ndani ya handaki. Liliingia kupitia shimo la kuanzia, siku mpimaji aliposhusha mwelekeo kutoka juu. Wateja wengi huanza kwa kuuliza bei ya kila mita. Sisi wapimaji tunaomba waanze na swali hili: mwelekeo mtaushusha kwa njia gani?

Juu ya ardhi mpimaji ana setilaiti, ana bikoni (alama za kudumu za upimaji) kwenye vilima. Chini hana lolote ila upana wa shimo lenyewe, labda mita 5 au 6. Njia ya zamani ni kutundika nyuzi mbili nyembamba za chuma, kila moja ikiwa na timazi ya kilo 5 hadi 10 iliyozamishwa kwenye ndoo ya oili ili isiyumbe. Mstari unaopita kwenye nyuzi hizo mbili ndio mwelekeo wa handaki zima. Sasa fanya hesabu. Nyuzi zikiwa zimeachana mita 4, na mmoja ukasogezwa kando milimita 1 tu na upepo wa feni au na tone la maji, basi kwenye handaki la mita 600 utatokea milimita 150 nje ya mstari. Ndiyo maana umbali kati ya nyuzi hupimwa juu na chini, na vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1 au 2, kazi hurudiwa. Pia huteremshwa kipete chepesi kwenye kila uzi: kikikwama njiani, uzi unagusa ukuta au jukwaa.

Kwa handaki linalozidi mita mia chache tunashauri theodolaiti ya jiro, kifaa cha kupimia pembe kinachotafuta kaskazini ya kweli kwa kuhisi mzunguko wa dunia. Hapa Uganda tumebahatika. Kifaa hiki hufanya kazi vizuri zaidi karibu na ikweta, na Kampala iko chini ya nusu digrii tu kutoka ikweta. Hata tofauti kati ya kaskazini ya kweli na kaskazini ya gridi ya ramani ni ndogo, kama sekunde 8 za pembe. Ni ndogo, lakini isahihishwe.

Gridi hiyo hiyo ina mtego mwingine. Kampala iko katika kanda ya 36 ya UTM, mfumo wa gridi unaotumika kwenye ramani, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Ukijumlisha mambo hayo mawili, kilomita moja ya ardhini husomeka pungufu kwa takriban sentimita 55 kwenye ramani. Handaki lililonyooka litavumilia. Kwenye kona, au pale bomba la pembeni linapotakiwa kuingia chemba, umeikosa chemba. Na kabla ya yote hakikisha michoro yote inatumia mfumo mmoja. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, GPS inatoa mfumo wa WGS84, na tofauti ya mifumo hiyo hapa ni karibu mita 300.

Kimo nacho hakisamehe, kwa sababu maji taka hushuka kwa uzito wake. Mteremko wa 1 kwa 400 ni milimita 2.5 kila mita. Alama ya kimo ikiwa imezama milimita 50, umepoteza mteremko wa mita 20 za bomba. Mabonde ya Kampala yana udongo laini wa kinamasi, na alama iliyopigwa kwenye kalvati la bondeni huzama polepole pamoja na kalvati. Weka alama zako mlimani, kwenye mwamba, kisha shuka kwa leveli, kifaa cha kupimia tofauti ya kimo, na urudi hadi ulikoanzia. Kimo cha GPS peke yake kisitumike kabisa kwa mteremko wa maji taka. Bomba likipinda kwenda juu hata kidogo, tope na mafuta hutuama hapo, na chemba ya nyuma yake hufurika. Kinachofurika huishia kwenye mifereji kama Nakivubo, kisha Ghuba ya Murchison, ghuba ile ile ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji.

Handaki linapojengwa kwa kusukuma mabomba ardhini kwa jeki, mtambo wa kuchimba ulio mbele hufuata mwale wa leza. Leza isifungwe kamwe kwenye ukuta ambao jeki zinauegemea. Jeki zikisukuma, ukuta husogea na leza husogea nao. Isimame kwenye nguzo yake, isiyogusa ukuta wala jukwaa la jeki. Joto la mtambo na la taa pia hupinda mwale, hasa ukipita karibu na ukuta wa bomba. Leza ikaguliwe kwa totali stesheni, kifaa kinachopima pembe na umbali, kila baada ya mita 30 hadi 50, feni ikiwa imezimwa na hewa imetulia.

Ardhi ya juu nayo ipimwe, tangu kabla mtambo haujafika. Msumari uliopigwa kwenye lami hautoshi. Lami ngumu inaweza kubaki imetanda juu ya shimo tupu bila kushuka hata milimita moja, hadi lori lipite. Toboa lami, shindilia nondo mpaka kwenye udongo wa chini, upime kichwa cha nondo.

Zikibaki mita 50 kufika shimo la pili, handaki linapoishia, simamisha mtambo kwa siku moja na upime kila kitu upya kuanzia juu, nyuzi zikiwemo. Kosa la milimita 80 likigunduliwa hapo, bado linaweza kurekebishwa kidogo kidogo, bomba kwa bomba. Likigunduliwa zikiwa zimebaki mita 5, kilichobaki ni kuvunja ukuta wa shimo.