Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wasanifu Mandhari na Watunza Bustani

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu wa chama, wanachama wenzangu wa kalamu na wa jembe: Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze kamati imefanya nini. Mwaka jana nilisoma kurasa nyingi, na kufika ya tatu niliona vichwa vinaanza kuinama. Safari hii orodha ya vikao imebandikwa pale mlangoni, na hesabu ataisoma mweka hazina baada yangu. Mimi nina mambo machache, na nitaanza na lile linalotutia aibu.

Mnakikumbuka kile kiwanja cha mtaa tulichokubali kukisanifu bure. Eneo la wazi dogo, upande mmoja zahanati, upande wa pili kijiwe cha bodaboda. Tulichora, tukakaa na serikali ya mtaa, tukachangiwa vitofali na mabenchi, na masika yalipoanza tukapanda mikungu, mikwaju, na miarobaini pembezoni. Siku ya uzinduzi palikuwa na turubai, spika kubwa na picha za kutosha. Mimi mwenyewe nimo pichani, nimeshika kopo la kumwagilia ambalo, nikumbukavyo, halikuwa na maji.

Mwezi wa tisa nilipita pale peke yangu. Miche mingi ilikuwa vijiti. Mama lishe anayepika karibu na lile benchi la kwanza aliniangalia akaniambia, "Baba, si ninyi mliopanda? Mbona hamkurudi?" Nikanunua chai nikanyamaza.

Wiki iliyofuata nilirudi na fundi mmoja wa kitalu chetu, tukafukua mkwaju. Shimo lilikuwa na kina cha ndoo ndogo, na chini yake kifusi kitupu: vipande vya tofali, saruji iliyoganda, kipande cha bomba. Tulipouvuta mche ukaja na kiriba chake. Nailoni nyeusi nzima, haijachanwa. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani duru kwa duru kama kamba ya kisimani, na haikuwahi kugusa udongo wa kile kiwanja hata siku moja. Mche uliishi kwa mvua za masika zilizoingia kwa juu. Kiangazi kilipokuja, basi.

Kuna waliosema kosa ni la vijana waliojitolea kupanda. Nilirudi kwenye michoro. Mti tumeuchora duara la kijani, tukaandika jina lake na umbali wa mti hadi mti. Hakuna palipoandikwa shimo liwe na upana gani, kifusi kiondolewe na nani, kiriba kichanwe lini, maji yatoke bomba lipi na anayemwagilia alipwe kutoka fungu gani. Tulichora mti wa miaka 20 ijayo, mche wenyewe hatukuuchora. Vijana walifuata mchoro.

Na ua wa michongoma, kwa kuwa tunasemana: watu walikuwa na njia yao ya kukatiza kwenda zahanati, sisi tukaiziba kwa sababu kwenye karatasi mstari ulipendeza. Wiki ya pili ua ulikuwa na mlango.

Baadhi ya wenzetu wameniambia kwamba kumwagilia na kupogoa ni kazi ya mtunza bustani, msanifu amekwisha maliza yake. Sikubaliani nao. Mwenzetu wa majengo akikabidhi nyumba, nyumba haitarajiwi kukua. Sisi tunakabidhi kitu kichanga, na atakayekilea tunamwacha bila hata maandishi.

Hili linanifikisha kwenye mti mmoja ambao nimeugombania kwenye vikao mpaka mnanicheka: mwashoki. Pitieni nyumba mpya, ofisi mpya, hoteli mpya za jiji hili. Miashoki imepangwa kama askari kwenye gwaride. Naelewa kwa nini wateja wanaupenda. Hauchukui nafasi na hauangushii gari embe. Lakini unaweza kuwa na mti wa urefu wa ghorofa tatu ambao kivuli chake saa nane mchana kinamtosha mtu mmoja, tena asimame wima. Benchi la zege likikaa juani Dar es Salaam halikaliwi mpaka jua litue. Mkungu ule ule mnaouona kila ufukwe hutandaza matawi ghorofa kwa ghorofa, huvumilia upepo wa chumvi, na watoto huokota kungu chini yake. Unaangusha majani makubwa, ni kweli, na yafagiliwe. Anayetaka bustani isiyofagiliwa aagize zulia.

Sasa safari. Kwa michango yenu na basi la kukodi tulikwenda Mombasa, kule Bamburi, kuona bustani ya Haller. Wapo waliokuja kwa ajili ya kobe Mzee na hadithi ya urafiki wake na kiboko yatima Owen, na sikuwazuia. Mimi nilitaka mwone shimo. Pale palichimbwa mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji tangu miaka ya 1950, na mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, alipoanza kazi ya kuotesha miti humo, palikuwa na sakafu ya mwamba mweupe usio na udongo, jua likipiga na kurudi, maji ya chini karibu na tena yana chumvichumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosalimika ni tatu: mnazi, mti mmoja wa pwani ya Somalia uitwao damas, na mvinje.

Mvinje ukafanikiwa kupita kiasi. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupa naitrojeni, kwa hiyo hauhitaji udongo mnono. Ila vijani vyake vyembamba kama sindano vina tanini nyingi, kemikali inayozuia kuoza, kwa hiyo vikidondoka havikuoza. Vilirundikana tu, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akila zile sindano, akakusanya majongoo wengi akawaachia humo. Jongoo alikula, kinyesi chake kikawapa bakteria pa kuanzia, na udongo mweusi ukaanza kujengeka juu ya mwamba. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango waingie kutembea.

Tulipokuwa chini ya ile mivinje, mwenzetu mmoja aliinama akafukua kwa vidole mpaka akagusa jiwe, kisha akauinua mkono kutuonyesha kiasi cha udongo mweusi kilichokuwa juu yake. Watu wakanyamaza, na basi zima lilikuwa na wapiga kelele. Niliyoyachukua pale ni mawili. La kwanza, kati ya miti 26, zaidi ya 20 ilikufa, na hakuna aliyeificha. Majibu yakaandikwa, kazi ikaendelea na iliyobaki. Sisi hatuna hata daftari la miti yetu iliyokufa. La pili ni jongoo. Hakuna mchoro wa bustani niliowahi kuuona, wangu ukiwemo, unaouliza majani yakianguka yataliwa na nani. Tunaagiza wafagie, wajaze viroba, viende dampo, halafu mwaka unaofuata tunanunua mbolea.

Nataka niongeze neno juu ya viumbe wa kigeni tunaowaleta kwa nia njema. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka. Mnajua alivyojaa pwani nzima na anavyopora viota vya ndege wadogo. Kwa hiyo mapipa ya wazi kwenye bustani zetu ni jambo la usanifu. Pipa lisilo na mfuniko ni shamba la kunguru.

Zanzibar tulikwenda wachache, kwa boti ya asubuhi, tukalala usiku mmoja. Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, wengi wenu mmefika. Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan iliikarabati na ikafunguliwa upya mwaka 2009. Sikwenda kuangalia taa wala vitofali. Nilikaa kuanzia alasiri mpaka usiku nihesabu matumizi ya mahali pamoja. Alasiri wanawake na watoto kwenye nyasi, wazee na bao. Jua likishuka, vijana wa makachu wanatimua mbio kutoka kwenye sakafu wanaruka ukuta wa bahari, mmoja amevaa kanzu, anapiga sarakasi hewani, chubwi, watu wanashangilia. Magharibi ikiadhiniwa, moshi wa mishikaki na urojo. Ukuta ni ule ule, kazi yake ya kwanza ni kuzuia mawimbi, nao umekuwa kiti, jukwaa na uwanja wa michezo. Mhandisi angeweza kuweka uzio wa chuma juu yake kwa usalama, na angesifiwa. Ingekuwa bustani nyingine kabisa.

Nyumbani, suala kubwa la mwaka limeendelea kuwa Bonde la Msimbazi. Mto unaanzia milima ya Pugu kule Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini kwenye Daraja la Salender. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kila masika tunasubiri habari za mafuriko ya Jangwani, pale bonde linapopita katikati ya jiji, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichowekwa humo bondeni kimeingiliwa na maji mara nyingi. Mwaka 2018 wataalamu, serikali na wakazi walikaa pamoja kupanga upya bonde, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200. Wazo lenyewe ni la fani yetu: kupanua njia ya maji, kuinua kingo kwa udongo unaochimbwa humo humo, na katikati kuacha bustani kubwa ya jiji ambayo mto ukifurika inakubali kulowa na mto ukishuka watu wanarudi kucheza mpira.

Chama kinaliunga mkono, na kamati imepokea maoni yenu. Nitataja mawili ambayo naona yana uzito. Mto unashusha mchanga mwingi kutoka kwenye miteremko iliyokatwa miti huko juu, na kitanda chake kinapanda. Tukipamba Jangwani bila kushughulikia Kisarawe, tutakuwa wazoaji mchanga wa kudumu. Mchanga huo huo unakwenda mpaka kwenye mikoko ya Salender. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, unapumua kwa vile vijizizi vinavyochomoza kwenye tope kama penseli. Ukivifukia, mti unakosa hewa unakufa umesimama. Kwa hiyo kupanda mikoko mlangoni mwa mto ni kazi ya mwisho, isiwe ya kwanza kwa ajili ya picha.

La pili ni wakulima wa mchicha na matembele wa bondeni. Wapo miaka mingi, wanalijua bonde kuliko ramani zetu, na wanajua maji yanaanza kupanda wapi. Tatizo ni kwamba maji ya mto yanabeba taka za viwanda na vyoo, na mboga zinakula kilichomo. Wasiishie kufukuzwa. Bustani ya ukubwa ule itahitaji vitalu na mikono, na hao ndio watunzaji waliokwisha hitimu. Kamati imeandika hivyo.

Kuhusu maeneo ya wazi madogo sina habari njema ndefu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe, na sote tunajua kamba ya kupimia huwa inafupika. Huwa najifariji kwa Mnazi Mmoja. Waingereza waliuacha uwanja ule uwe utengano kati ya Uhindini na Kariakoo, watu wasichanganyike. Leo ndipo kila mtu anapokutania. Kiwanja kikibaki wazi kinaweza kupata maana mpya. Kikijengwa fremu za maduka hakipati tena.

Mafunzo ya kupogoa yalifanyika mara mbili, na ya pili ilijaza watu kuliko viti. Mzee wetu wa kitalu, aliyetufundisha wengi kubebesha miembe, tulimzika mwezi wa saba. Msumeno wake wa kupogolea familia imetukabidhi, na kamati imeamua utumike, usitundikwe ukutani.

Nafunga kwa hoja inayohitaji kura yenu. Kamati inapendekeza kwamba mchoro wowote wa upandaji utakaotoka kwa mwanachama uambatane na karatasi ya matunzo: shimo lenye upana mara tatu ya kiriba, kifusi kitolewe na udongo uletwe, kiriba kichanwe mbele ya msimamizi, na umwagiliaji wa kiangazi cha kwanza na cha pili uandikwe kwenye mchanganuo wa gharama kama fungu linalojitegemea, lisiloweza kuhamishiwa kwenye vitofali. Wateja watalalamika kwamba bei imepanda. Imepanda. Vilevile kuwe na daftari la miti iliyokufa, kila mwanachama aandike yake na sababu. La kwangu nimeshaanza, na mkwaju ule ndio namba moja.

Kwenye kiwanja chetu tunarudi Jumamosi ya kwanza baada ya mvua za vuli kuanza. Mama lishe ameshakubali kusimamia maji kwa malipo tuliyopatana naye, na njia ya zahanati inaachwa ilipo. Anayekuja aje na jembe, sururu ya kifusi na wembe. Kile kiriba nimekuja nacho, kiko mezani kwa katibu. Atakayetaka kukiona apite wakati wa chai.