Gari zito halishikiliwi na jeki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ambayo kila dereva wa gari la njia mbaya hapa Kanda ya Ziwa huifanya mara kwa mara, lakini ambayo wachache wamefundishwa jinsi ya kuifanya: kuinua gari kwa jeki ili kubadilisha gurudumu. Ninayaongelea magari kama Land Cruiser na Land Rover Defender yanayobeba wagonjwa, watumishi wa halmashauri, watafiti na watalii kati ya Mwanza, Magu, Sengerema, Ukerewe na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Gari la namna hiyo likijaa abiria na mizigo hufikia tani 3 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa kwenye ekseli ya nyuma. Jeki imetengenezwa kuinua tu. Kulizuia gari lisiondoke mahali pake ni kazi ya ardhi, kabari na utaratibu wa dereva, na hayo ndiyo yanayokosekana barabarani kwetu.

Nianze na breki ya mkono, kwa kuwa hapo ndipo imani ya madereva wengi inapowaponza. Katika Defender za zamani, zile zilizokoma kutengenezwa mwaka 2016, breki hiyo haishiki magurudumu yenyewe bali hushika mahali inapoanzia shafti, ule mhimili unaozunguka, iendayo kwenye difu ya nyuma, yaani ile seti ya gia katikati ya ekseli inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Difu nayo, kwa jinsi ilivyoundwa, huruhusu gurudumu moja lizunguke kwenda mbele na jingine lizunguke kinyume chake huku shafti ikiwa imesimama tuli. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa chini, gari halisogei. Lakini ukiinua moja, lililobaki chini linapata uhuru wa kuviringika, kwa sababu mwenzake aliye hewani hana cha kumzuia kuzunguka upande wa pili. Dereva amevuta breki hadi mwisho na ameingiza gia, na bado gari linaweza kushuka kutoka juu ya jeki.

Land Cruiser ambazo breki yake ya mkono hushika magurudumu ya nyuma zina nafuu ndogo tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki inabaki na gurudumu moja la kushikia, na kwenye changarawe la mteremkoni hilo moja linaweza kuburutika. Gia haisaidii ikiwa gari liko kwenye mwendo wa kusukumwa na magurudumu mawili, kwa sababu ile ile ya difu.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Kabla ya kugusa jeki, dereva wa Land Cruiser yenye habu (vitovu vya magurudumu) za kufungwa kwa mkono azifunge zile za mbele, aingize ile gia fupi ya pembeni kwenye 4L, yaani gia nzito ya magurudumu yote manne, aweke gia ya kwanza, avute breki kisha azime injini. Kwa kufanya hivyo ekseli ya mbele nayo inakuwa imeshikwa. Dereva wa Defender afunge difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kama taa yake kwenye dashibodi haijawaka alisogeze gari kidogo hadi iwake, maana kuvuta mkono wa gia si uthibitisho kwamba difu imefunga. Baada ya hapo ziwekwe kabari, mbele na nyuma ya gurudumu lililo kinyume kwa pembe na lile linaloinuliwa. Kabari mbili za mbao ngumu zilizochongwa kwa mteremko hukaa chini ya kiti bila kumsumbua mtu. Mawe ya Mwanza ni mengi, lakini mengi yana umbo la mviringo na husukumwa na gurudumu badala ya kulizuia. Tena wanaoyatumia huyaacha katikati ya barabara wakishamaliza, na mwendesha bodaboda anayekuja usiku hana habari. Huo ni ukatili ambao siwezi kuupita kimya.

Jambo la pili ni ardhi. Udongo mweusi wa mbuga katika Usukuma wakati wa masika hulainika kiasi cha kumeza kitako cha jeki, na luseni, ule udongo wa kichanga wa Usukuma, hutawanyika chini yake hata wakati wa kiangazi. Kitako cha jeki ya chupa hakizidi sana kiganja cha mkono, nacho hubebeshwa uzito unaokaribia tani nzima. Kinachotakiwa ni kipande cha ubao mgumu, wa mninga au mvule, chenye upana wa sentimita 30 kila upande na unene wa sentimita 5 hivi. Ubao huo utandaze uzito, na udongo chini yake usawazishwe kwanza kwa sepetu. Nimeona watu wakipanga mawe mawili matatu kisha jeki juu yake. Jiwe la juu likiteleza, hakuna nguvu ya mtu itakayolidaka gari. Ikiwa jeki ni fupi, itafutwe yenye skrubu ya kurefusha kichwani, au dereva apandishe gurudumu lenye pancha juu ya ubao mnene kabla ya kuanza, ili ekseli ipate nafasi.

Jeki iwekwe chini ya ekseli, karibu na mahali springi inapofungwa, wala si chini ya tumbo la difu, ambako gari huyumba kulia na kushoto. Wanaoinua kwa chasisi, yaani fremu ya gari, hulazimika kuliinua juu zaidi, kwa sababu springi hunyooka kwanza na gurudumu hubaki chini, na kadiri gari linavyopanda ndivyo linavyopoteza utulivu. Kwa sababu hiyo hiyo ninaiogopa ile jeki ndefu ya mkono inayopanda ngazi kwa ngazi na kuinulia bampa. Inafaa kulinasua gari kwenye tope, lakini kwa kubadilisha gurudumu inataka mtu mzoefu. Wakati wa kushusha, mkono wake unaweza kuruka juu kwa nguvu ya uzito wote wa gari na kuvunja taya la mtu.

Nati zilegezwe nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Anayezikanyagia spana gari likiwa hewani analisukuma gari litoke kwenye jeki. Gurudumu la spea lisukumwe chini ya chasisi kabla lile bovu halijatolewa, kisha yabadilishane nafasi. Jeki ikikosea, gari litaangukia tairi na si miguu ya mtu. Tairi la 7.50R16 na rimu yake ya chuma lina uzito wa zaidi ya kilo 30, hivyo linyanyuliwe kwa kupenyeza sepetu chini yake kuliko kulikumbatia huku magoti yakiwa chini ya gari. Nati zikazwe kwa kukingamana, yaani kila moja ifuatiwe na iliyo upande wa pili, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Abiria wote washuke na wasimame mbali na barabara, upande wa juu wa mteremko.

Na mtu asiingie uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuangalia bomba la breki. Katika gereji zetu za Igoma na Buhongwa tofali la saruji bado linatumika kama stendi ya kuegemeza gari, ingawa tofali hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Stendi za chuma zinauzwa madukani, na gogo zima la mti mgumu lililokatwa sawasawa ni afadhali mara nyingi kuliko tofali.

Lawama kubwa siwapi madereva. Mara nyingi jeki iliyokuja na gari hupotea, na ofisi hununua badala yake jeki ya gari dogo kwa sababu ni rahisi, kisha dereva anatumwa Nansio au Nyamikoma na mgonjwa nyuma. Ninaziomba taasisi zote zenye magari ya aina hii katika mkoa wetu ziweke katika kila gari jeki inayobeba angalau tani 4, ubao, kabari mbili, sepetu na pembetatu za tahadhari, na ziandikwe kwenye orodha anayotia saini dereva anapokabidhiwa gari. Vilevile ninawaomba askari wa usalama barabarani, wanapokagua magari kwa ajili ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, wamtake dereva wa gari la namna hiyo afungue sanduku la vifaa na kueleza namna atakavyoinua gurudumu la nyuma, kama wanavyomtaka aoneshe kizima moto.

Fundi magari mstaafu,
Igoma, Mwanza.