Mwanamke anayecheza mpira Australia yuko kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu namna kurasa za michezo za magazeti yetu zinavyowataja wanawake wanaocheza mpira wa kanuni za Kiaustralia. Kwamba habari zao ni chache sioni ajabu, kwa kuwa mchezo wenyewe unachezwa mbali na wasomaji wengi hawajapata kuuona. Linaloniudhi ni kwamba hata hizo chache huandikwa kama habari za kioja: mwanamke karuka, mwanamke kaangushwa, mwanamke kakwapua mpira kama mwanamume. Ni nadra kusoma mchezaji huyo analipwa kiasi gani, mkataba wake ni wa muda gani, au nani anabeba gharama akivunjika mguu, ilhali mambo hayohayo huandikwa kila kukicha kuhusu mwanasoka wa kiume, hata yule anayemaliza msimu mzima akiwa benchi.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu huchezwa kwenye uwanja wa duaradufu, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuudaka na kukimbia nao, kuupiga teke, au kuugonga kwa ngumi kumpelekea mwenzake, lakini kuurusha ni kosa. Kila upande una nguzo nne. Mpira ukipigwa teke na kupita kati ya zile mbili ndefu za katikati timu hupata pointi 6, na ukipita kati ya nguzo ya ndani na ya nje hupata pointi 1. Wanaume huingia uwanjani 18 kila timu, wanawake 16. Kumkamata mwenye mpira na kumwangusha ni sehemu halali ya mchezo, na wengi hucheza bila kinga yoyote zaidi ya ile ya meno. Ligi ya wanawake ya kulipwa, inayojulikana kwa kifupi AFLW, ilianza tarehe 3 Februari 2017 jijini Melbourne, Carlton ikiikaribisha Collingwood mbele ya watazamaji 24,568, na maelfu wengine wakabaki nje baada ya milango kufungwa kwa kuwa uwanja ulikuwa umejaa.

Sasa tuangalie waliowajaza watu uwanjani usiku ule walikuwa wakilipwa nini. Mchezaji wa ngazi ya chini alipata dola za Australia 8,500 kwa msimu, na wale wachache walioteuliwa kuwa nyota wa klabu zao walipata 27,000. Kwa gharama za maisha za nchi ile, hakuna anayeweza kulipa pango na kula mwaka mzima kwa kiwango hicho cha kwanza. Kwa hiyo walimu waliendelea kufundisha, wauguzi waliendelea na zamu zao, na mazoezi yakafanywa jioni, baada ya saa za kazi. Daisy Pearce, nahodha wa Melbourne na mmoja wa wachezaji waliojulikana zaidi ligi ilipoanza, alikuwa mkunga wa hospitali. Mwandishi wa michezo anaweza kuona jambo hilo linapendeza, na kweli huandikwa kwa namna ya kupendeza. Mimi naliona kama taarifa ya mishahara: mtu aliyekuwa miongoni mwa walio bora nchini katika kazi yake hakuweza kuitegemea kazi hiyo peke yake.

Hali imebadilika, na ni haki kusema hivyo. Kwa msimu ulioanza Agosti 2022 kima cha chini kilipandishwa hadi dola 39,184 na cha juu hadi 71,935. Mwaka 2023 yakafikiwa makubaliano ya miaka mitano yaliyowaweka wanaume na wanawake chini ya mkataba mmoja wa pamoja, ambayo yaliupandisha wastani wa mshahara wa mchezaji wa kike kutoka dola zipatazo 46,000 hadi 60,000, na kupanga ufike 82,000 ifikapo 2027. Wenzao wa kiume wanahesabu mamia ya maelfu, na pengo hilo halijazibwa. Hata hivyo, katika makubaliano hayo naona jambo lenye uzito kuliko kiasi chenyewe cha fedha, nalo ni mkataba wa miezi 12. Zamani mchezaji alikuwa wa klabu kwa miezi michache tu, kwa saa za kuhesabiwa kila wiki. Msimu ukiisha, alirudi kujitafutia riziki kwingine na mwili wake akautunza kwa juhudi zake. Mtu anayelipwa mwaka mzima anapata muda wa kupumzika, wa kujijenga misuli, wa kuuguza jeraha hadi lipone, na wa kutazama mechi za wapinzani wake akiwa na akili tulivu. Ubora unaoonekana uwanjani hutoka katika miezi hiyo ambayo hakuna mechi.

Nataka nikae kidogo kwa Erin Phillips, kwa sababu kwake yeye suala la muda linaonekana waziwazi. Baba yake, Greg Phillips, alikuwa mchezaji mashuhuri wa Port Adelaide, na binti alikulia ndani ya mchezo huo. Alipofika umri wa miaka 13 njia ilifungwa: kucheza na wavulana hakuruhusiwa tena, na timu ya wasichana ya kumpokea haikuwepo. Akahamia mpira wa kikapu. Huko alipata medali ya fedha ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akatwaa ubingwa wa ligi ya wanawake ya Marekani akiwa na Indiana Fever mwaka 2012, kisha tena akiwa na Phoenix Mercury mwaka 2014. Aliporudi kwenye mpira wa nyumbani kwao, ligi ilipoanzishwa, alikuwa na miaka 31, umri ambao wachezaji wengi huanza kufikiria kustaafu. Katika msimu ule wa kwanza aliipa Adelaide ubingwa na akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Akachaguliwa tena mwaka 2019. Alitwaa mataji matatu na Adelaide, kisha akawa nahodha wa kwanza wa timu ya wanawake ya Port Adelaide, klabu ya baba yake, na akastaafu mwaka 2023.

Ukihesabu misimu yake tu, utasema taaluma yake ya mpira ilikuwa fupi. Lakini kuna miaka takriban 18 iliyokatwa kutoka ndani yake, na miaka hiyo hakuipoteza kwa uvivu wala kwa majeraha. Aliipoteza kwa sababu kanuni zilimwondoa na hapakuwa na pa kwenda. Hiyo ndiyo sababu napinga tabia ya kulinganisha idadi ya mechi za mwanamke wa kizazi kile na za mwanamume wa umri wake. Huo ni ulinganifu usio wa haki, na mwandishi makini hana budi kumweleza msomaji kwa nini.

Njia hiyo haikufunguka yenyewe. Mwaka 2004, katika jimbo la Victoria, wasichana watatu, Penny Cula-Reid akiwa mmojawao, walifikisha shauri mbele ya baraza la kisheria la jimbo hilo kupinga kuzuiwa kucheza kwenye ligi ya vijana pamoja na wavulana. Shauri lao lilichangia kuanzishwa kwa mashindano ya wasichana, na Cula-Reid mwenyewe baadaye akaichezea Collingwood katika AFLW. Wapo waliokuwa wakicheza kabla yao, katika ligi ya wanawake ya Victoria iliyoundwa mwaka 1981, ambao walijinunulia vifaa na hawakupata kulipwa hata senti. Wengi wao walikuwa wamezeeka kimchezo milango ilipofunguliwa.

Kuhusu majeraha, nina jambo moja kubwa la kusema. Wanawake wa ligi hii hukatika kano ya ndani ya goti kwa kiwango kinachowazidi wanaume mara kadhaa, na jeraha hilo humweka mchezaji nje kwa karibu mwaka mzima. Katika fainali ya 2019 kwenye uwanja wa Adelaide Oval, mbele ya watu 53,034, Phillips aliumia goti hivyo na akatolewa kwa machela huku uwanja mzima ukisimama kumpigia makofi. Timu yake iliishinda Carlton kwa tofauti ya pointi 45, naye akatajwa kuwa mchezaji bora wa mechi ile ingawa hakuimaliza. Ni kweli kiingilio kilikuwa bure siku hiyo, na wapo waliolitumia hilo kuidharau idadi ile ya watu. Lakini hakuna anayekwenda kukaa uwanjani mchana kutwa kwa sababu tu mlango uko wazi. Miezi iliyofuata, ya mazoezi ya kurudisha nguvu za goti katika umri wa miaka 34, haikupata picha kubwa magazetini, na hiyo nayo ilikuwa kazi.

Jeraha lisiloonekana ni zito zaidi. Heather Anderson, aliyekuwa katika kikosi cha Adelaide kilichotwaa ubingwa wa 2017 na aliyekuwa pia mhudumu wa tiba jeshini, alifariki dunia mwaka 2022 akiwa na miaka 28. Familia yake ilitoa ubongo wake uchunguzwe, na mwaka 2023 watafiti wakatangaza kwamba ulikuwa na ugonjwa unaohusishwa na kugongwagongwa kichwa kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza wa kike wa kulipwa kuthibitika kuwa nao. Familia hiyo ilifanya jambo la ujasiri kwa faida ya wachezaji wengine, na habari kama hiyo ilistahili zaidi ya aya mbili chini ya ukurasa.

Kuna pia mkasa unaotuhusu moja kwa moja sisi wasomaji na ninyi waandishi. Machi 2019 mpigapicha Michael Willson alimnasa Tayla Harris, wakati huo akiichezea Carlton, akiwa hewani, mguu umenyooka juu baada ya kupiga mpira. Ni picha ya ufundi mtupu. Kituo cha televisheni cha Seven kilipoiweka kwenye mitandao ya kijamii, chini yake yakamiminika matusi ya kingono, na kituo kikaamua kuiondoa picha badala ya kuyaondoa matusi. Watu wakapinga kwa nguvu, kituo kikaomba radhi na kuirudisha. Harris alisema bila kumumunya maneno kwamba yale yalikuwa unyanyasaji. Mwaka huohuo sanamu yake katika mkao uleule iliwekwa Federation Square, Melbourne. Uwanja ni mahali pake pa kazi, na aliyetukanwa pale alitukanwa akiwa kazini.

Kama mhariri anadhani wasomaji wa Kiswahili hawana pa kushikia katika habari hizi, namkumbusha Akec Makur Chuot. Alizaliwa Sudan Kusini, akaishi na familia yake katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, akafika Australia mwaka 2005, na akawa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza AFLW. Alianza na Fremantle mwaka 2017, akaachwa, akarudi kupitia Richmond, kisha Hawthorn. Katika taaluma hiyo moja kuna kusajiliwa, kutemwa, kusubiri na kusajiliwa upya. Ni mambo ambayo kila msomaji wa kurasa zenu za soka anayaelewa bila kuelezwa.

Ligi hiyo sasa ina klabu 18 na huchezwa katika nusu ya pili ya mwaka, kwa hiyo mwandishi wako ana muda wa kutosha kujiandaa. Ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Matokeo yanapochapishwa, yaambatane na majina ya waliocheza. Mchezaji anaposajiliwa, tuelezwe mkataba wake ni wa miaka mingapi. Anapoumia, tuelezwe atakaa nje kwa muda gani na klabu inamhudumia vipi. Anapostaafu, tuelezwe anakokwenda, kama vile Daisy Pearce, ambaye baada ya kutwaa ubingwa na Melbourne mwaka 2022 alistaafu na sasa ni kocha mkuu wa timu ya wanawake ya West Coast.

Wako katika kupenda michezo,

Msomaji wa kurasa za michezo