Mafua hayaponi kwa antibayotiki

Mhariri,

Juzi kwenye duka la dawa mtaani kwetu, mama mmoja aliyekuwa akipiga chafya mfululizo aliuziwa amoksilini bila cheti. Vidonge sita tu, hata dozi haijatimia! Homa ya mafua huletwa na virusi. Watafiti wa London walivitenga kutoka kwa mgonjwa mwaka 1933. Antibayotiki huua bakteria, virusi haivigusi. Tena virusi hivi hubadilika kila mara, ndiyo maana chanjo yake hurudiwa kila mwaka. Wengi wetu hupona kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Mjamzito, mzee au mwenye pumu awahi hospitali. Wauzaji nao waache kugawa vidonge kama karanga.

Msomaji wako,
Tanga